Ukisikia Moto, Uliza Wapi

Kijijini, njia ya Mokambo
27 Oktoba 2024

Mudogo wangu Symphorien,

Salamu zikufikie wewe, Jemima mke wako na Kiki wenu. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe, ingawa wiki hii tunapumua moshi. Mvua inatutazama tu kutoka juu, haijataka kushuka. Mbuzi wa Ruben amezaa mapacha na Ruben anatembea kijijini kifua mbele, utadhani amezaa yeye.

Unajua kwa nini naandika na sipigi simu. Rezo ya simu inapatikana juu ya kile kichuguu kikubwa tu, na ukipanda pale kuongea, kijiji kizima kinakuja kukaa chini yako kusikiliza. Jambo la leo si la kichuguuni. Barua hii nampa Chance, yule dereva anayepeleka magunia ya mkaa mjini kwa kamio yake, aiweke chini ya kiti chake.

Mama ameungua mikono. Usiruke, soma polepole. Yuko hai, anakula, anagombana na mimi kila asubuhi, kwa hiyo ujue roho ni nzima. Lakini viganja vyote viwili vimeungua, na muuguzi wa dispensari amesema vidole havitarudi vyote kama zamani.

Siku ile nilikuwa Mokambo kuuza karanga. Mchana, upepo mkali, kuna watu walichoma majani ng'ambo ya bonde kutafuta panya, kama kila mwaka, kisha wakaenda zao na moto nao ukaenda wake. Mama alikuwa peke yake, anapepeta mahindi. Akaona moto unakuja nyuma ya jiko. Akafanya ambalo wewe na mimi tungefanya: akatoka uani akaita kwa nguvu zake zote, "Moto! Moto! Moto!"

Nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa Ruben, kikundi chako cha maombi kilikuwa kwenye mfungo. Unajua mnavyoomba: mmoja anapaza "Moto!" na wote wanaitika amen. Wakamsikia mama, wakamjibu, "Amen! Moto! Ishuke!" Mama akaita tena. Wakajibu tena kwa furaha zaidi. Mwelwa jirani yetu, aliyekuwa humo ndani, amenieleza mwenyewe huku analia kwamba yeye ndiye aliyewaambia wenzake, "Musikie! Hata mama Perpétue eko napokea Roho leo!"

Mama akapigana na moto ule kwa kitenge alichovaa. Jiko limekwisha, ghala limekwisha. Nyumba imepona kwa sababu upepo uligeuka, si kwa sababu ya mtu yeyote. Walipotoka kwenye maombi walimkuta amekaa chini, mikono hewani, hana hata sauti ya kuwatukana.

Sasa sikia ninachoomba. Neno lile mmelitoa Lubumbashi mkatuletea. Ruben ni mwanafunzi wako, anakusikiliza wewe kuliko anavyomsikiliza chef Mwansa wa kijiji. Mwandikie. Watafute neno jingine la kuombea, hili tunalihitaji kwa kazi yake. Tuna kamati ya kilio, kamati ya harusi na kamati mbili za kwaya zisizosalimiana. Ya moto hatuna. Hakuna hata bidoni moja ya maji iliyowekwa kwa ajili hiyo, na hakuna ajuaye akimbilie wapi. Nina hasira, mudogo wangu, na hasira hii sitaki ipoe kabla haijafanya kazi.

Dada yako,
Laurentine


Lubumbashi, Katuba
24 Novemba 2024

Kwako yaya Laurentine, dada yangu mkubwa na mama yangu wa pili,

Neema na amani ziwe nanyi. Barua yako niliisomea kwenye gari, nikashindwa kuwasha injini. Nimelia. Jemima naye amelia. Mwambie mama kwamba mwanawe Mulenga anamwombea asubuhi na jioni. Najua hapendi nikijiita Symphorien mbele yake, kwake mimi ni Mulenga tu.

Hapa tuko salama. Kiki ameingia darasa la tatu, anasema Kifaransa mpaka nashindwa kumjibu. Kazi ya Mungu inasonga. Tumetoka kwenye hema la bashi, turubai lile la zamani, kuta za bloki zimesimama, na nimeamuru mlango uwe mmoja tu, pale mbele, ninapoona kila mtu. Zamani watu walikuwa wanachomoka kabla ya baraka ya mwisho kuwahi kula bukari nyumbani. Sasa anayetaka kutoka atapita mbele ya macho yangu.

Yaya, uamuzi ni mmoja. Mama aje huku. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Nimenunua godoro zuri, na Jemima ametundika pazia la rangi ya maziwa. Hospitali iko karibu, maji yako uani, na hakuna majani ya kuungua, ni saruji tupu. Kijiji hakitabadilika. Kimeungua tangu enzi za babu zetu na kitaendelea kuungua. Mpandishe mama kwenye kamio ya Chance, akae mbele, si juu ya magunia. Nitampokea mwenyewe.

Wako katika Bwana,
Pasta Symphorien


Kijijini
12 Januari 2025

Mudogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, ijapokuwa mwaka umeshaanza kuchakaa. Barua yako imechelewa kwa sababu Chance alikwama kwenye tope, akalala na kamio yake kama mke na mume, na barua imefika ikinuka mafuta. Mahindi yamepanda hadi kiunoni. Chef Mwansa amemwoza binti yake huko Sakania. Mama amepona vidonda, lakini vidole vya mkono wa kulia havikunji. Mwiko wa bukari anaushika kwa mikono miwili, na ole wake mtu atakayejifanya kumsaidia.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza hadi kwenye pazia, akauliza, "Niende Katuba kufanya nini? Kuangalia ukuta ya bantu bengine? Kaburi ya baba yenu iko hapa, mihogo yangu iko hapa. Umuambie Mulenga godoro alalie yeye." Hayo ni maneno yake, mimi ni kalamu tu.

Sasa yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu la swali langu. Umeandika rangi, umeandika godoro, umeandika hata injini ya gari. Neno "moto" hukuliandika popote, wewe ambaye Jumapili hukaukiwi nalo. Na kwa Ruben hujatuma kitu, nimemuuliza. Wanaendelea kama kawaida. Juzi Mwelwa aliomba ruhusa ya kuomba kimya, akaambiwa imani yake imepata baridi.

Mama akibebwa, sawa, ataokoka mmoja. Na Mwelwa? Na watoto wanaolala kwenye nyumba za majani? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na sisi tumenyolewa tayari. Nipe hadi kiangazi kijacho. Kijiji kikiwa tayari, mama anabaki na hutalitaja tena godoro. Kisipokuwa tayari, nitamfunga mimi mwenyewe mzigo wake.

Laurentine


Lubumbashi, Katuba
9 Machi 2025

Kwa yaya Laurentine,

Salamu kwako na kwa mama. Kiki alipata malaria, amepona. Jemima anawatumia sabuni na chumvi, Chance anazo, mhesabie mkononi.

Umeniandikia kwa ukali na nimenyamaza muda mrefu ili nisikujibu kwa ukali. Neno unalolitaka si langu nilitoe. Nilipoanza, tulikuwa watu wachache chini ya bashi, mvua ikituingia shingoni, na neno hilo ndilo lililotupasha joto. Limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: Kanisa la Moto wa Juu. Mtaa wa pili kuna mwenzangu anayengoja nitetereke tu, awaambie watu kwamba Symphorien amezimika. Na wewe unataka nimwandikie Ruben kwamba neno letu lizimwe kwa sababu ya majani! Yaya, si kila kitu ni majani.

Mikono ya mama naiona kila ninapoinua yangu kubariki. Usidhani siioni. Ndiyo maana nataka atoke huko.

Mapatano yako nayakubali, ila mpimaji nitakuwa mimi. Jumapili ya tatu ya Septemba, majani yakiwa yamekauka kabisa, nitakuja na gari langu. Nitaona kwa macho yangu kama kijiji kiko tayari. Kisipokuwa tayari, mama atakaa kiti cha mbele na hatutabishana uani mbele za watu.

Symphorien


Kijijini
1 Juni 2025

Mudogo wangu,

Usiku kuna baridi, tunalala na mkaa ndani ya kikaango karibu na mlango. Karanga zimetoka vizuri. Mama anakusalimu, na sabuni ya Jemima anaificha, anasema ni ya kuogea siku ya sikukuu. Vinkubala, wale viwavi wa kula, mwaka huu walikuwa wengi. Nimekukaushia kopo moja, ule ukumbuke ulikotoka.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nafanya. Chef Mwansa alikubali kikao. Jambo la kwanza lilikuwa neno. Tulijaribu kengele ya reli, ile inayoning'inia shuleni, lakini inapigwa kwa shule, kwa kilio na kwa kikao. Tulipoipiga kujaribu, nusu ya watu walikuja wamevaa nguo za msiba. Tukajaribu "mulilo", moto wa Kibemba. Likadumu hadi Jumapili, kwaya ya kina mama ikaimba wimbo wenye mulilo ndani yake kila mstari. Ruben akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Niliona kazi yote inakwenda na maji.

Ndipo mama akasimama. Tangu aungue hajawahi kusema kikaoni. Akanyoosha ile mikono watu waione, akasema, "Neno haina makosa. Miye niliita muzuri. Bale balijibu njo balikosa. Muache Mulenga na moto yake. Mutu akisema moto, musiseme amen. Mumuulize: wapi?"

Ruben akauliza, "Na kama mutu eko naomba kweli?"

Mama akamjibu, "Atasema: mu roho! Basi, tutajua haiko mu majani."

Watu wakacheka, Ruben naye, na kikao kikapokea. Sikuhitaji tena barua yako. Tangu hapo, mtu akiita moto hapa, mahali popote, kwa sababu yoyote, anaulizwa wapi. Hata kwenye maombi. Watoto wameufanya mchezo.

Tukafanya jaribio. Chef akaita, "Moto!" Kijiji kikajibu, "Wapi?" Vizuri sana. Chef akanyoosha kidole akasema, "Kule!" Basi kila mtu akakimbilia kule kwake. Mwelwa akagongana na mume wake, bidoni ya maji ikamwagikia mtu wa bure. Tukaona kwamba swali bila jina halizimi kitu. Mama na kina mama wenzake wakazunguka kijiji siku nzima wakitoa majina, kwa maana sehemu nyingi hazikuwa nayo. Sasa tuna Kichuguu cha Rezo, tuna Mihogo ya Chef, tuna Njia ya Panya, tuna Kwa Ruben. Bonde moja la majani marefu mama amelipa jina ambalo amenikataza kukuandikia. Usiniulize.

Mwezi wa tano, majani yakiwa bado na maji, tulichoma wenyewe kipande kwa kipande, asubuhi upepo ukiwa umelala, moto ukitembea kwa miguu. Ukibaki na majani hayo hadi Septemba, moto huo huo unakuja na mabawa. Kisha tukalima ukanda kuzunguka nyumba zote hadi udongo mwekundu ukaonekana. Upande wa bonde lile bado haujaisha, ardhi ni ngumu. Kina mama tukisikia jina tunakwenda mtoni na bidoni. Wanaume wanakata matawi mabichi. Mwelwa anawapeleka watoto na wazee kwenye uwanja wa shule. Wawinda panya wamekubali kwamba kuanzia Julai hakuna anayewasha peke yake. Wamekubali kwa kununa, lakini wamekubali.

Mama alikataa kupelekwa shuleni na wazee. Amesema kazi yake ni majina.

Laurentine


Lubumbashi, Katuba
17 Agosti 2025

Yaya,

Sisi ni wazima. Vinkubala tumekula, Kiki amekimbia meza.

Ruben alikuja mjini akanieleza hiyo habari ya "wapi". Imenitangulia hata kanisani. Watu wananiuliza kama ni kweli kwamba kijijini kwetu mtu akishukiwa na Roho anaulizwa anwani. Nimeagiza kwaya iimbe. Ni mama yangu aliyeanzisha.

Nitafika Jumamosi ya tarehe ishirini Septemba. Jumapili nitaongoza maombi uani kwa Ruben, na baada ya maombi nitapima. Ukanda wa udongo ni kitu kizuri, sikatai, lakini umeandika mwenyewe kwamba upande mmoja haujaisha. Mwambie mama afunge vitu vichache tu, vingine tutanunua huku. Pazia bado ni jeupe.

Na hilo jina mnalonificha ni lipi?

Symphorien


Kijijini
7 Septemba 2025

Mudogo,

Mama hajafunga hata leso. Jina utalisikia siku likihitajika. Upande wa bonde tunaulima kila siku, umebaki mdogo. Njoo, ila viatu vyako vya kung'aa viache kwa Jemima, vaa vya kukimbilia.

Laurentine


Lubumbashi, Katuba
28 Septemba 2025

Kwako yaya Laurentine,

Najua umekasirika. Jumatatu alfajiri niliwasha gari nikaondoka bila kuagana na wewe, na kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nilishindwa kusema. Mimi, ambaye nalipwa kwa kusema. Acha niandike, maana wewe siku ile ulikuwa mtoni na kina mama wa bidoni na hukuona kilichotokea uani.

Maombi yalikuwa yamechangamka. Nilimwachia Ruben aendelee kidogo, nikapanda Kichuguu cha Rezo kumpigia Jemima, nimwambie mama analeta ubishi lakini jioni nitamshawishi. Nilikuwa bado natafuta rezo nilipoona moshi. Haukuwa moshi wa jiko. Ulikuwa mweusi chini, na chini yake majani yanalia. Upepo ulikuwa unatoka huko kuja kwetu.

Nikaita, "Moto! Moto! Moto!"

Yaya, kwa muda mdogo nilingoja amen. Miaka yote hiyo mwili wangu umezoea kwamba nikitoa neno lile, amen inarudi kama chenji. Badala yake, uani kwa Ruben sauti zao zote zikapanda pamoja, "Wapi?"

Nami sikujua. Nimezaliwa pale, nimechunga mbuzi pale, na bonde lile lilikuwa mbele ya macho yangu, lakini jina sikuwa nalo. Nikanyoosha mkono nikasema, "Kule! Kule!" Wakauliza tena, "Wapi, pasta?" Walikuwa chini, nyumba zimewafunika, mkono wangu hawakuuona vizuri. Nikasema tena kule. Nilisikia haya ambayo sijawahi kuisikia mimbarani. Niliyekuja kupima utayari wa kijiji, kijiji kizima kilikuwa kinaningoja mimi tu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kichuguu. Hakuuliza. Alitazama mkono wangu unaelekea wapi, akasimama, akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, "Kwa Mulenga! Iko kwa Mulenga!"

Nilidhani ananitaja mimi. Nilidhani anasema kosa liko kwangu, nikataka kushuka kuomba msamaha. Lakini watu wote wakaja mbio, wakanipita kama mti, hakuna aliyenitazama. Wanaume wakavunja matawi njiani. Mwelwa akapita na watoto kuelekea shuleni, mmoja mgongoni, wawili mkononi. Na wewe nilikuona kwa mbali, kichwani bidoni, unaongoza wenzako kutoka mtoni, hujatazama moto wala moshi, umetazama njia tu. Ndipo nikaelewa kwamba bonde lina jina langu.

Nilikimbia nyuma yao. Moto ulifika kwenye ukanda wenu wa udongo ukasimama kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Pale ambapo hamjamaliza kulima, uliruka. Tulipigana nao pale, Ruben bega kwa bega na mimi, tukiupiga kwa matawi mpaka yakabaki fimbo. Tulipoteza shamba la mihogo la Ruben na mizinga yake ya nyuki. Hakuna nyumba iliyoungua. Hakuna mtu aliyeungua. Viatu vyangu vimebaki huko, ulinionya.

Jioni nilikaa na mama jikoni. Nikamuuliza kwa nini bonde lile ni kwa Mulenga. Alikuwa anasonga bukari kwa ile mikono, hakuacha kusonga. Akaniambia, "Pale njo ulipoteaka ukiwa mutoto. Ulienda kutafuta panya, usingizi ikakukamata mu majani. Bantu bote balianza kulia, banasema Mulenga amekufa. Miye sikulia. Nilikuwa naita tu: Mulenga, uko wapi? Uko wapi? Na pale njo nilikupata."

Sikumwambia tena kwamba chumba kiko tayari. Nilikula bukari yake nikaenda kulala, na alfajiri nikaondoka kabla hujaamka, kwa sababu ungeniuliza kijiji kimepita au hakijapita, nami ningelia mbele yako. Kimepita, yaya. Mama abaki. Godoro Chance atalileta, mlalishe juu yake hata kama atakataa.

Ndugu yako,
Mulenga


Kijijini
19 Oktoba 2025

Mudogo wangu Mulenga,

Mama analalia godoro na anakana kwamba analalia. Mvua mbili zimeshuka. Kipande kile cha ukanda tumekimaliza siku tatu baada ya wewe kuondoka, tukiwa na masizi bado kwenye nywele. Ruben amepewa mbegu za mihogo na kila nyumba, na sasa anatengeneza mizinga mipya. Ubishi wa kwaya mbili umerudi, kwa hiyo ujue tumepona.

Nilikasirika, ndiyo. Barua yako imeniondolea. Nimeisoma nikiwa peke yangu kwanza, kisha nikamsomea mama. Akaniambia niandike haya, nami naandika kama alivyosema:

"Mulenga, mutoto wangu. Laurentine alinisomeaka ile barua yako ya kwanza, ya kanisa. Ulisema umejenga na bloki, mulango moja tu, bantu basitoke. Sasa sikia. Siku moja utasema moto, batakuuliza wapi. Na kama jibu ni humu ndani, batapita wapi?"

Hayo ndiyo yake. Mimi sina la kuongeza. Nakungoja mwezi wa tano, tunapochoma asubuhi. Utapewa upande wa bonde lako.

Laurentine


Lubumbashi, Katuba
16 Novemba 2025

Yaya,

Msomee mama kwa sauti.

Jumatatu iliyopita tulivunja ukuta wa nyuma, upande wa kisima, na Jumamosi mlango wa pili ulikuwa mahali pake. Fundi alitaka kuutia kufuli, nimekataa. Kando yake tumeweka bidoni nne za maji, na Kiki ndiye mkaguzi wake, hataki mtu anywe.

Leo Jumapili, kabla sijaandika, nilisimama kanisani nikapaza sauti, "Moto!" Wakanijibu amen. Nikafunga Biblia. Nikawaambia habari za mikono ya mama yangu, zote, kuanzia kitenge hadi mwiko. Kisha nikapaza sauti tena. Bibi mmoja wa nyuma akauliza polepole, "Wapi, pasta?" na wengine wakafuata, hadi mabati yakatetemeka.

Wachache walitoka kwa mlango mpya kabla ya baraka. Niliwaona. Niliwaacha watoke.

Mulenga